Herufi Moja Yatosha Kupeleka Barua ya Jeshi Ugenini

Mwezi wa Julai mwaka 2023 gazeti la Financial Times la London lilichapisha habari iliyowashtua maafisa wa majeshi katika nchi nyingi. Habari yenyewe ilikuwa hii: kwa muda wa miaka mingi barua pepe zilizokusudiwa kufika katika majeshi ya Marekani zilikuwa zikielekea katika anwani za Jamhuri ya Mali, Afrika Magharibi. Hakuna jasusi aliyezidaka njiani. Hakuna mlango uliovunjwa wala neno la siri lililoibwa. Waliozipeleka huko ni waandishi wenyewe, kwa vidole vyao wenyewe, kwa sababu anwani za majeshi ya Marekani humalizikia kwa .mil, na anwani za Mali humalizikia kwa .ml. Mwandishi mwenye haraka akiruka herufi moja tu, barua yake imekwisha kubadili nchi.

Aliyelitangaza jambo hilo ni Bwana Johannes Zuurbier, Mholanzi mwenye shughuli za intaneti, ambaye tangu mwaka 2013 alikuwa na mkataba wa kusimamia majina ya Mali mtandaoni. Aliona kompyuta za watu zikiulizia kila mara majina kama army.ml na navy.ml, yaani jeshi la nchi kavu na jeshi la wanamaji, ilhali majina hayo hayakuwapo. Akafunga mtambo wa kuzipokea barua hizo ili ajue ni kitu gani. Mtambo ukaelemewa upesi, ukaacha kukusanya. Mwaka 2023 alizikusanya upya, na kuanzia Januari hadi habari ilipotoka Julai alikuwa na barua zipatazo 117,000.

Katika rundo hilo mlikuwamo taarifa za matibabu, habari za hati za utambulisho, orodha za mabaharia wa meli, majina ya watumishi wa kambi, picha na ramani za majengo ya kijeshi, ripoti za ukaguzi na hata malalamiko dhidi ya askari. Barua moja ilieleza safari ya Jenerali James McConville, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, ya kwenda Indonesia mwezi wa Mei 2023. Ndani yake mlikuwa na namba za vyumba vya hoteli vya jenerali huyo na wenzake 20. Hakuna barua hata moja katika rundo lile iliyopigwa muhuri wa siri. Lakini askari yeyote aliyepata kulinda msafara wa mkubwa wake anaijua thamani ya namba ya chumba.

Haki itendeke kwa ndugu zetu wa Mali. Hawakuiba barua ya mtu. Barua iliyoandikwa anwani ya Mali ni barua ya Mali, kama vile mzigo ulioandikiwa Bamako hauwezi kulalamikiwa kwa kushushwa Bamako. Wala kosa hili si la Wamarekani peke yao. Jeshi la Uholanzi hutumia army.nl, na katika kibao cha kuandikia herufi n na m zinakaa bega kwa bega. Barua za Waholanzi nazo zilionekana katika rundo lile. Mwezi huo huo wa Julai Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilitangaza kufanya uchunguzi, baada ya baadhi ya watumishi wake kuandika .ml walipokuwa wakiwaandikia wenzao wa Marekani.

Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilijibu kwamba barua zinazotoka katika anwani zake zenyewe za .mil kwenda .ml huzuiliwa kabla ya kutoka. Jibu hilo lafaa litafakariwe. Maana yake ni kwamba lango la ndani lilikuwa na mlinzi, na waliokosea walikuwa nje ya lango: mawakala wa safari, wakandarasi, na askari waliotumia anwani zao za binafsi kwa kazi ya jeshi.

MTAMBO MMOJA, MAJINA MENGI

Mtambo alioufunga Bwana Zuurbier si kitu cha ajabu. Ni seva ya barua iliyofundishwa kuitikia majina mengi kwa pamoja, na kila jeshi, kila polisi na kila wizara yenye idara zaidi ya moja inahitaji mtambo wa namna hiyo hiyo. Chombo ni kimoja. Tofauti iko katika orodha aliyopewa na katika mtu aliyeiandika orodha. Kwa hiyo yafaa sisi tuvaao sare tuelewe jinsi kinavyofanya kazi, hata kama hatutakigusa kwa mikono yetu. Mafundi wa mawasiliano watakifunga, lakini barua zitakazopotea zitakuwa zetu.

Anwani ya barua pepe ina pande mbili, na katikati pana alama ya @, iliyochaguliwa na Ray Tomlinson mwaka 1971 katika mtandao wa ARPANET, uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Upande wa kushoto ni mtu au ofisi. Upande wa kulia ni makao yake, nayo kwa Kiswahili cha siku hizi huitwa kikoa. Waraka wa Oktoba 1984, ulioandikwa na Jon Postel na Joyce Reynolds, uliutaja mwisho wa .mil kwa ajili ya majeshi ya Marekani, na ukazipa nchi za dunia miisho ya herufi mbili mbili. Ujirani wa .mil na .ml ulianzia hapo.

Katika makala hii nitatumia mifano inayomalizikia kwa .example. Mwisho huo ulitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya mafundisho peke yake, usimilikiwe na mtu yeyote, ili msomaji akijaribu kuiandikia anwani ya mfano barua yake isimwangukie mtu asiyehusika. Baada ya yale yaliyotokea Mali, naona tahadhari hiyo ni ya lazima.

Tuseme basi jeshi lina vikoa vitatu: makaomakuu.example, chuo.example na hospitali.example. Je, lahitaji seva tatu? La. Seva tatu ni mitambo mitatu ya kulinda, umeme wa mitambo mitatu, na mafundi wa kuamshwa usiku mara tatu. Seva moja iliyopangwa vizuri huweza kuhudumia vikoa vitatu, thelathini au mia tatu, kama vile posta moja ya kambi inavyopokea magunia ya vikosi vyote vilivyopiga hema hapo.

Kwanza dunia sharti iambiwe. Kompyuta inayopeleka barua haijui chuo.example kiko wapi. Huuliza katika daftari kuu la majina, na daftari hujibu kwa rekodi iitwayo MX, ambayo kanuni zake ziliandikwa mwaka 1986. Rekodi hiyo husema: barua za kikoa hiki zipelekwe kwenye mtambo fulani. Kila kikoa kina rekodi yake, lakini rekodi zote tatu zaweza kuelekeza kwenye jina moja, kwa mfano posta.makaomakuu.example. Kama kuna mitambo miwili, kila mmoja hupewa namba, na mwenye namba ndogo ndiye hutangulia kujaribiwa. Mtambo wenyewe huwa na jina moja tu la kujitambulisha kwa wenzake, na jina hilo lazima lilingane na namba yake ya mtandao kwenda na kurudi. Unaweza kuitikia majina mia, lakini ukiulizwa langoni “Wewe nani?” sharti utoe jibu moja lile lile kila siku.

Wakuu wengi huogopa siku seva itakapozimika. Hofu hiyo si kubwa kama inavyodhaniwa. Seva ya mpelekaji ikikuta mlango umefungwa huiweka barua katika foleni na kurudi tena na tena. Programu ya Postfix, isipoagizwa vingine, huvumilia siku 5 kabla ya kukata tamaa. Tatizo lililo kubwa kuliko kuzimika ni mtambo ulio wima, unaopokea barua zote kwa furaha na kuzipeleka kusikostahili.

KOPLO WAWILI WA JINA MOJA

Postfix niliyoitaja iliandikwa na Wietse Venema alipokuwa katika kituo cha utafiti cha kampuni ya IBM huko Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 1998, na hadi leo ni miongoni mwa programu zinazotumika zaidi kwa kazi hii. Ndani yake kuna njia zaidi ya moja ya kuiambia seva, “Kikoa hiki ni chetu.” Njia iliyo fupi kuliko zote ni kuliandika jina la kikoa katika orodha iitwayo mydestination. Fundi huongeza neno moja, huiamsha programu upya, hupeleka barua ya majaribio, barua hufika, naye huenda kula chakula cha mchana.

Ubaya wa njia hiyo ni kwamba seva huutazama upande wa kushoto wa anwani peke yake. Kwa seva hiyo okello@chuo.example na okello@hospitali.example ni mtu mmoja, na sanduku lao ni moja. Katika jeshi lenye akina Okello wengi kama letu, jambo hilo halina mzaha. Cheti cha daktari cha Koplo Okello wa hospitali kitasomwa na Koplo Okello wa chuo, na amri ya uhamisho ya huyu itafunguliwa na yule.

Niliona jambo hili kwa macho yangu katika ofisi moja nisiyoitaja. Idara mbili zilikuwa na vikoa tofauti na seva moja, na kila idara ilikuwa na anwani iliyoanza kwa neno habari. Moja ilikuwa ya waandishi wa magazeti, nami ndiye niliyeisoma. Nyingine ilikuwa ya jamaa za askari waliotaka kuuliza mambo ya malipo. Siku moja, kati ya maombi ya picha za gwaride na maswali ya wahariri, nilikuta barua ya mama mmoja mjane akiuliza mafao ya marehemu mumewe. Ilikuwa imekaa siku 19. Chini yake palikuwa na ya pili kutoka kwake yeye yule, fupi zaidi, akiomba radhi kwa kusumbua.

Nilimwita sajenti wa mawasiliano, nikamwonyesha.

“Afande, barua hii haikukosea njia,” alisema baada ya kuitazama kwa muda. “Anwani aliyoandika mama ni sahihi kabisa. Seva ndiyo iliyofundishwa kwamba habari wote ni mtu mmoja.”

“Tangu lini?”

“Tangu kikoa cha pili kilipoongezwa, afande. Walikitia katika orodha ya kwanza, wakaona barua zinaingia, wakaondoka.”

Mama yule alipigiwa simu mchana ule ule. Sajenti naye alikaa hadi usiku akiupanga mtambo upya, nami nikakaa naye, kwa kuwa nilitaka kuelewa. Ninayoyaandika hapa kwa sehemu kubwa niliyajua usiku ule.

Mpango ulio sahihi ni huu. Katika mydestination hubaki jina la mtambo wenyewe tu. Vikoa vya idara huandikwa katika orodha nyingine, virtual_mailbox_domains, ambayo huiambia seva kwamba wenye masanduku haya si watumiaji wa kompyuta hii bali ni wapangaji wake. Kisha huandikwa orodha ya pili ya anwani nzima nzima, kushoto na kulia pamoja. Hapo okello@chuo.example na okello@hospitali.example huwa watu wawili, kila mmoja na sanduku lake katika jalada la kikoa chake. Masanduku yote hukaa chini ya akaunti moja ya kompyuta isiyo na madaraka mengine yoyote, ili mwizi akipenya humo asikute funguo za nyumba nzima. Orodha ya tatu ni ya majina ya kupitishia: barua ya mkuu@chuo.example ipelekwe kwa afisa aliyeko zamu ya ukuu kwa sasa. Mkuu akihamishwa hubadilishwa mstari mmoja, na dunia ya nje haihitaji kujua.

Vikoa vikiwa vitatu, orodha hizi zaweza kuandikwa katika faili za kawaida. Vikizidi, ni vyema ziwekwe katika hifadhidata, ili karani wa utumishi aweze kuongeza jina bila kupewa ruhusa ya kuigusa seva. Jambo moja sajenti alinisisitizia mara tatu: kikoa kimoja kisionekane katika orodha mbili, kwa maana hiyo ya virtual_mailbox_domains na ile ya mydestination. Seva yenyewe hunung'unika ikikuta hali hiyo, na huandika onyo katika daftari lake la matukio. Tulipolifungua daftari tulikuta onyo hilo limeandikwa kila siku kwa miezi kadhaa. Hakuna aliyekuwa na zamu ya kulisoma.

Kwa upande wa kusoma barua, programu itumikayo sana pamoja na Postfix ni Dovecot, iliyoanzishwa na Timo Sirainen wa Finland mwaka 2002. Nayo yapaswa kupangwa kwa anwani nzima: askari akitaka kufungua sanduku lake aandike jina lake pamoja na kikoa chake. Wengi watalalamika kwamba ni maandishi marefu. Waache walalamike. Maneno ya siri yahifadhiwe katika hali ya kuvurugwa isiyoweza kurudishwa, na njia kati ya simu ya askari na seva ifungwe kwa usimbaji, ili anayesikiliza mtandao wa hoteli au wa uwanja wa ndege asiambulie kitu.

LANGO LISILOPOKEA KILA MTU

Barua ikifika kwa jina lisilokuwapo, seva ifanye nini? Wakuu wengi hujibu haraka: ipokee, tusije tukapoteza barua muhimu. Ndipo huwekwa kapu la jumla, ambalo hukusanya kila kilichoandikiwa kikoa, liwe jina sahihi au la kubuni. Nami nilikuwa na rai hiyo hapo zamani. Sajenti aliniuliza swali moja tu: “Na atakayelisoma kapu hilo kila asubuhi ni nani, afande?”

Kapu la jumla hujaa barua taka kwa siku chache, na barua moja ya maana hulala humo chini kama sindano katika nyasi. Mwandishi aliyekosea herufi haambiwi kwamba amekosea. Huamini imefika, na hungojea jibu. Afadhali barua ikataliwe pale pale langoni kwa jibu la namba 550, yaani mtu huyu hayupo, ili mwandishi apate habari na asahihishe. Tukumbuke kwamba barua zile za army.ml zingemrudia kila mwandishi na onyo la kosa lake, kama kusingalikuwa na mtambo wa kuzipokea. Kapu la jumla la mtu mwingine ndilo lililozigeuza kuwa barua za kusomwa.

Na kukataa kuwe langoni, si baada ya kuingia. Seva iliyokwisha kupokea barua na kisha kugundua kwamba mwenyewe hayupo hulazimika kuandika barua ya kuirudisha, na anwani ya mpelekaji mara nyingi ni ya kughushi. Barua ya kurudisha humwangukia mtu asiyejua lolote. Zikiwa elfu, seva yako huandikwa katika orodha za watuma taka, na barua zako halali nazo hukataliwa kila mahali. Kwa sababu hiyo hiyo mtambo wa akiba, wenye ile namba kubwa ya MX, sharti uwe na orodha ya watu sawa na mtambo mkuu. Watuma taka wanaujua mlango wa nyuma, nao huupenda.

Kila kikoa pia kiwe na anwani ya postmaster inayosomwa na mtu aliye hai. Hiyo ni kanuni ya kimataifa, na ndipo wenzetu wa nchi nyingine watakapoandika wakiona hitilafu. Tena seva isikubali kupitisha barua ya mgeni kwenda kwa mgeni mwingine. Ipokee za vikoa vyake, na ipeleke za watu wake waliojitambulisha, basi.

MUHURI WA KILA IDARA

Hadi hapa nimesema juu ya barua zinazoingia. Zinazotoka zina hatari yake, nayo mimi huikuta katika kazi yangu kila msimu wa kuandikisha vijana. Walaghai huandika barua kwa jina la jeshi, wakiwataka wazazi watume fedha ili mtoto apate nafasi. Kanuni za barua pepe za mwaka 1982 hazikuwa na njia ya kumhoji mwandishi. Mtu yeyote aliweza, na bado aweza, kuandika juu ya bahasha kwamba barua yatoka makao makuu.

Dawa yake ina sehemu tatu, na hapa ndipo seva ya vikoa vingi huwasahaulisha mafundi, kwa kuwa kila sehemu hufanywa kwa kila kikoa peke yake. SPF ni tangazo katika daftari la majina linalotaja mitambo iliyoruhusiwa kupeleka barua za kikoa hicho. DKIM ni muhuri: seva hutia sahihi kila barua kwa ufunguo wa siri, na mpokeaji huihakiki kwa ufunguo wa wazi uliobandikwa katika daftari. DMARC ni amri kwa wapokeaji wote duniani kuhusu barua inayoshindwa majaribio hayo: ipite tu na itolewe taarifa, itengwe, au ikataliwe. Tangu Februari 2024 kampuni za Google na Yahoo hudai mihuri ya namna hii kwa wapelekaji, na kwa wale wa barua nyingi hudai sehemu zote tatu. Askari wengi na jamaa zao wana anwani za Gmail, kwa hiyo jambo hili latuhusu moja kwa moja.

Tuseme makaomakuu.example ina vyote vitatu, kisha hospitali.example inaongezwa kwa haraka. Barua zake zinaingia vizuri, wote wanafurahi. Lakini zinazotoka hazina muhuri, na matokeo ya maabara ya askari aliyeko likizo kijijini yanatupwa katika kapu la taka la simu yake. Hospitali itasema imepeleka. Askari atasema hajapata. Wote wawili watakuwa wamesema kweli. Na mlaghai akitaka jina la kuvaa, atalichagua lile lisilo na muhuri.

Ni busara kuanza DMARC kwa daraja la kutazama tu, taarifa zisomwe kwa majuma kadhaa, na mitambo halali iliyosahauliwa igunduliwe, kabla ya kupanda hadi daraja la kukataa. Ofisi nyingi huanza na hazipandi kamwe. Kutazama adui akipita si ulinzi.

MAJINA YA JIRANI NA MAJINA YALIYOKUFA

Katika eneo letu ipo mitego yetu wenyewe. Serikali za Uganda, Kenya na Tanzania hutumia .go.ug, .go.ke na .go.tz. Rwanda na Burundi hutumia .gov.rw na .gov.bi. Afisa wa kikosi cha pamoja anayewaandikia wenzake wa nchi tatu kwa mkupuo mmoja hana budi kukumbuka wapi pana herufi v na wapi haipo. Seva yaweza kumsaidia. Fundi huipa orodha ya miisho inayofanana na ile halali, na barua inayoelekea huko huzuiliwa kabla ya kutoka, mwandishi akaulizwa. Ndivyo Wamarekani walivyofanya kwa .ml. Lakini ulinzi huo haumfikii askari anayetumia anwani yake ya binafsi, na kwa hiyo orodha ya zamu iliyopigwa picha na kutumwa kwa Gmail haina lango la kuisimamisha.

Halafu kuna vikoa vya vikosi vilivyovunjwa na vya mazoezi yaliyokwisha. Jina la kikoa halinunuliwi mara moja, hulipiwa kwa muda, na lisipolipiwa huachwa huru kwa yeyote mwenye fedha kidogo. Atakayelichukua aweza kufunga seva, kuliongeza katika orodha yake na kuanza kupokea barua za watu ambao hawakupata habari kwamba kikosi hakipo tena. Haitampasa kudukua kitu chochote. Hivyo kikoa kilichostaafu kitolewe katika orodha za seva, kiwekewe ile rekodi ya MX tupu iliyokubaliwa mwaka 2015, inayosema kwamba hapa hapapokelewi barua, na kitangazwe kwa SPF kuwa hakuna mtambo wowote duniani unaoruhusiwa kuandika kwa jina lake. Kisha kiendelee kulipiwa.

Katika ofisi ile niliyoisema, sajenti aliandika majina mawili ya namna hiyo katika karatasi akaibandika ukutani juu ya seva, pamoja na tarehe za malipo. Kila mwaka karani wa fedha humwuliza kwa nini jeshi linalipia majina ambayo hakuna askari hata mmoja anayeyatumia, na kila mwaka sajenti humpeleka ukutani.